MREJESHO: Ile kozi fupi ya Excel nimeimaliza

Wakuu, niliwauliza iwapo mimi, karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho huku Masasi, mwenye cheti cha kidato cha nne tu, nitafaidika na kozi fupi ya chuo kikuu ya Excel, ile programu ya kompyuta ya majedwali ya hesabu. Mlinisihi nianze. Asanteni sana!

Nimesoma wiki sita, usiku, kwa bando. Zamani malipo ya wakulima baada ya mnada yalinila siku mbili na kikokotoo. Sasa naandika kilo, bei, makato, kisha naburuta fomula moja hadi mkulima wa mwisho. Juzi jedwali likaonyesha mzee mmoja amekatwa mara mbili. Tukarekebisha akiwa bado kwenye benchi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mshahara bado uleule. Naulizia sasa kozi ya usimamizi wa ghala.