Tupeane uzoefu: kusoma Kiingereza ukiwa bado unasubiri hifadhi Uingereza

Mama_Bukavu: Wakuu, ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioko hotelini walikowekwa na serikali wakiuliza masomo wanaambiwa "subirini miezi sita" halafu basi. Mwenye kujua njia aeleze kwa kina.

Mwalimu_Leeds: Miezi 6 ni ya England, kwa masomo yanayolipiwa na serikali. Ombi la hifadhi likipita muda huo bila jibu, chuo kinaweza kukusajili ESOL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, bure. Scotland na Wales hazina sharti hilo. Lakini usingoje miezi itimie ndipo utafute chuo. Nenda mapema ukafanye jaribio la kupimwa, jina liingie kwenye foleni, maana madarasa mengi huanza Septemba na machache Januari. Beba kadi ya ARC (kitambulisho cha mwombaji hifadhi), barua yenye anwani na fomu ya BAIL 201 (yenye masharti uliyopewa na uhamiaji). Isome hiyo fomu: ikisema huruhusiwi kusoma, muone wakili kwanza.

Mama_Bukavu: Na nauli, mwalimu? Anayelishwa hotelini anapata chini ya pauni 10 kwa wiki. Basi pauni 3 kwenda, 3 kurudi, siku mbili tu zimekwisha.

Mwalimu_Leeds: Aombe msaada wa wanafunzi palepale chuoni. Mwombaji hifadhi hapewi taslimu, anaweza kupewa tiketi ya basi na vitabu. Aombe siku ya kujisajili, fungu likiisha limeisha.

Chuma_Kigoma: Chuo cha nini? Makanisa na maktaba wanafundisha tangu wiki ya kwanza, hakuna anayekuuliza karatasi.

Mwalimu_Leeds: Ndugu, kanisani utapata mazoezi, cheti hupati. ESOL ina mitihani mitatu: kusoma, kuandika, kuzungumza na kusikiliza. Kila mmoja una cheti chake, kwa hiyo ukihamishwa mji katikati ya mwaka ulichofaulu kinabaki chako. Nakili namba yako ya mwanafunzi, ULN, tarakimu 10.

Chuma_Kigoma: Unasema hivyo kwa waliosoma. Wapo akina mama wanaongea lugha nne na hawajawahi kushika kalamu. Wanatupwa Entry 1, ngazi ya mwanzo ya ESOL, wanapewa karatasi za kujaza, wiki ya tatu hawarudi.

Mwalimu_Leeds: Hapo nakubali kabisa. Mama wa namna hiyo aombe darasa la kabla ya Entry 1, linaloanza na herufi. Asione haya kulitaja siku ya jaribio.

Mkalimani_wa_zamu: Darasa ni darasa, usaili wa hifadhi ni kitu kingine. Mtu akifika Entry 2 anajiona anaweza kujibu mwenyewe. Kijana mmoja wa Uvira alikataa mkalimani. Akaeleza kwamba mlango ulivunjwa saa nane usiku, ila kwa Kiingereza akataja ile nane aliyoizoea, "eight". Wakaandika saa mbili za usiku, wakati watu bado wako sebuleni. Kwa wakili alikuwa amesema usiku wa manane. Barua ya kukataliwa ikaja na tofauti hiyo imetajwa, ikabidi ikaelezwe mbele ya jaji wa rufaa. Mkalimani ni bure. Mtaje mapema na useme Kiswahili chako ni cha Kongo, cha pwani au ni Kibajuni. Msipoelewana, sema papo hapo, usaili unarekodiwa. Baadaye pitia nakala na wakili, saa kwa saa, tarehe kwa tarehe.

Dada_Cardiff: Hili la saa ni kweli tupu. Hata miadi ya daktari watu wanaikosa hivyohivyo.

Chuma_Kigoma: Basi nyumbani tuongee Kiingereza na watoto, tutazoea.

Dada_Cardiff: Hapana kaka, Kiswahili chao kitapotea. Na mtoto asifanywe mkalimani hospitalini. Mwombe mkalimani wakati wa kuweka miadi, NHS, huduma ya afya ya serikali, hutoa bila malipo.

Mama_Bukavu: Je, mwenye mtoto mchanga afanyeje? Madarasa mengi hapa hayapokei watoto.

Mwalimu_Leeds: Aulize shule wanakosoma ndugu wakubwa wa huyo mtoto. Baadhi zina darasa la wazazi asubuhi, na mahali pa kulelea wadogo.