Daktari wa mama analipwa na kampuni ya dawa, nifanyeje?

binti_pangani
Habari zenu wakuu. Mama yuko kwangu hapa Houston, ana presha ya miaka mingi, sasa daktari wake kambadilishia dawa na hii mpya hata bima ikishalipa sehemu yake bado tunatoa hela ya maana kila mwezi, wakati ile ya zamani ilikuwa karibu na bure. Dada mmoja kazini akaniambia ingia Open Payments, ni tovuti ya serikali ya Marekani, andika jina la daktari utaona amepokea nini kutoka makampuni ya dawa. Nimeingia, kumbe yumo, milo kibao halafu kalipwa ada ya kuzungumza, na kampuni inayoongoza ndo hiyo hiyo inayotengeneza dawa ya mama. Nimeishiwa nguvu. Hivi hii ni rushwa au? Na nikimuuliza si ataona namvunjia heshima, maana mama anamuamini mno na kanikataza nisifungue mdomo.

mfamasia_minnesota
Pole dada. Cha kwanza kabisa mama asiache dawa kwa sababu ya ulichokiona huko, presha haina subira.

Kuwemo kwenye hiyo orodha peke yake si kosa. Tovuti ipo kwa sababu ya Sunshine Act, sheria inayolazimisha makampuni kutangaza wanachowapa madaktari, ilipita 2010 ndani ya ile sheria ya afya ya Obama, waliipigania maseneta wawili wa vyama tofauti, Grassley na Kohl, na data za kwanza zikatoka Septemba 2014. Zilikuwa za miezi mitano tu ya 2013 na bado jumla ilikaribia dola bilioni 3.5 ukichanganya na pesa za utafiti. Kwa hiyo usiishie kwenye jumla, fungua ndani uone aina ya malipo na dawa iliyotajwa. Pesa ya utafiti mara nyingi inaenda kuendesha majaribio hospitalini, daktari ndo msimamizi. Ada ya kuzungumza ndo inanikera mimi binafsi. Kampuni inalipia mgahawa, daktari anasimama na slaidi alizopewa na kampuni, wanaosikiliza ni madaktari wenzake wanakula, na kuna kesi ambazo waliohudhuria ni wale wale wanarudia mada ile ile. Kampuni ya dawa ya Novartis walilipa dola milioni 678 mwaka 2020 kumaliza kesi ya namna hiyo.

Na chakula msikidharau. Kuna utafiti wa 2016 kwenye jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine uliangalia madaktari karibu 280,000, ukakuta hata aliyekula mlo mmoja tu wa chini ya dola 20 alikuwa anaandika zaidi ile dawa ya kampuni kuliko wenzake wasiokula, na milo ikiongezeka uandikaji nao unapanda. Sasa haithibitishi kwamba chakula ndo kilimgeuza, inawezekana anayeipenda dawa tayari ndo anayealikwa, lakini makampuni si wajinga wa kulisha watu bure miaka yote hiyo.

kijana_wa_tandale
Hama daktari dada, mambo mengine hayahitaji kikao. Amekula hela ya watu mama yako analipa, basi.

mfamasia_minnesota
@kijana_wa_tandale nakuelewa hasira lakini mgonjwa wa presha kubadili daktari ghafla nako kuna hatari zake, na huyo mpya anaweza kuwa yumo pia. Rushwa kisheria ni pale malipo yanapotolewa ili daktari aandike dawa. Mfano halisi ni kampuni ya Insys, walikuwa na dawa ya fentanyl (kali sana, jamii ya morphine) ya kupuliza chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu makali ya saratani, wakawalipa madaktari kwa jina la hotuba, ikaishia kuandikiwa watu ambao hata saratani hawana. Mwanzilishi wake John Kapoor alihukumiwa miezi 66 jela Januari 2020. Sijasema daktari wa mama ni hivyo, nasema orodha inakuonyesha pa kuuliza.

medrep_mstaafu_dar
Mimi nimefanya kazi ya medrep, yule wa kampuni ya dawa anayepita kwa madaktari kuinadi, Dar miaka mingi nimeshaacha, niwaambie ukweli. Hakuna anayemwambia daktari andika dawa yangu nikupe kitu. Unamletea idara chakula cha mchana siku ya kliniki, unajua watoto wake wanasoma wapi, ikifika kongamano kampuni inamlipia nauli na hoteli, halafu wiki inayofuata unapita kumsalimia tu na unauliza kwa upole, dokta wagonjwa wanaionaje ile dawa? Hapo atajisikia vibaya kusema hajaiandika hata mara moja. Wengi ni madaktari wazuri na wanaamini kabisa hawayumbishwi, hilo ndo lilikuwa linatusaidia.

Na kwetu huku mgonjwa mara nyingi hana bima, dawa ya kampuni badala ya jeneriki (dawa ile ile isiyo na jina la kampuni, bei nafuu) anailipa mwenyewe dirishani, wengine wananunua nusu dozi. Daftari la kuandika jina la daktari ukaona amepewa nini hatuna, linaniuma sana.

binti_pangani
Asanteni sana. Swali moja, huwa anampa mama vile viboksi vya bure ofisini, navyo vinaandikwa?

mfamasia_minnesota
Hapana, sampuli za kumpa mgonjwa sheria imeziacha nje. Na ndo mlango mkubwa, mgonjwa anaanza na cha bure, kikiisha mwili umeshazoea na cheti cha dawa kinaenda famasi kwa jina lile lile.

Ukienda usianze na pesa. Muulize mbele ya mama, hii inamzidi nini ile ya zamani, ile ilimshinda wapi, na kuna jeneriki ya kundi hilo hilo? Daktari mwenye sababu atakupa, labda figo, labda miguu ilikuwa inavimba. Akikosa jibu la kueleweka hapo mwambie umeona Open Payments. Hujamkosea heshima, serikali imeiweka wazi ili wewe uisome.

mama_nuru_leeds
Huku Uingereza ipo Disclosure UK tangu 2016 lakini inaendeshwa na chama cha makampuni yenyewe, na ilivyoanza daktari aliweza kukataa jina lake lisitoke, hela yake inaingizwa kwenye jumla tu. Ukikosa jina humo hujui kama hajapokea au amekataa. Marekani hawana hiyo ruhusa, na tangu data za 2021 wameongeza wauguzi wanaoandika dawa na wakunga. @medrep_mstaafu_dar mkidai la kwenu daini hivyo, lisiwe la hiari na liwataje clinical officer pia, maana kwenye zahanati huko ndo wanaomwandikia mgonjwa.

medrep_mstaafu_dar
Kabisa. Na wenye maduka ya dawa, huko nilikuwa napita mara nyingi kuliko hospitali.