Hela za WMA zinamfikiaje mkulima ambaye shamba lake limeliwa na tembo?

MtotoWaMbagala:
Wakuu habari za jioni. Mi nipo Mbagala ila nyumbani ni kusini, kijiji kinapakana na Hifadhi ya Nyerere na kipo ndani ya WMA, yaani ardhi ambayo vijiji vimetenga kwa ajili ya wanyamapori na kuisimamia kupitia jumuiya yao. Juzi usiku bi mkubwa kanipigia analia, tembo wameingia shambani, mahindi yamekwisha na mihogo wameing'oa, na huyu mama ndo alinyoosha mkono mkutanoni kijiji kitenge ardhi ya wanyama maana waliambiwa maendeleo yatakuja. Darasa limejengwa kweli, sikatai, ila mwaka huu atakula nini? Naomba kueleweshwa hizo hela zinagawanywaje na yeye aanzie wapi.

Mzee wa Pori:
Pole sana kwa mama. Hivyo ni vitu viwili usivichanganye. Kifuta jasho kinatoka serikalini sio kwenye jumuiya, atoe taarifa kwa mtendaji leo leo, afisa wanyamapori wa wilaya aje apime uharibifu kabla hajasafisha shamba, mpige picha. Sio fidia kamili lakini adai. Hela za WMA sasa, kanuni tangu 2002 zinasema katika mapato ya jumuiya isiyopungua asilimia 50 iende vijiji wanachama, angalau 15 irudi kwenye uhifadhi, angalau 25 iendeshe jumuiya. Ikishafika kijijini wanaoamua ni nyie kwenye mkutano mkuu, ambao kisheria ni kila miezi 3.

dada_Kimara:
Mzee umesema vizuri ila hapo ndo panaponiuma, mkutano unaamua jengo kwa sababu jengo linaonekana mgeni akija, wenye mashamba ya pembezoni ndo wanaolipia kwa njaa yao. Kule Udzungwa wakulima waliweka uzio wa mizinga ya nyuki, tembo anaogopa nyuki na asali unauza, kwa nini ile 50 isianzie hapo kabla ya darasa la pili??

MtotoWaMbagala:
Asanteni sana. Mjomba ni mjumbe wa serikali ya kijiji, nimeshampigia, kasema taarifa ya mapato hajawahi kuisikia ikisomwa. Jumamosi napanda basi, nataka niwepo afisa akija na hilo la mizinga tuliombee ajenda.