Waliowahi kuongoza umoja wa wafanyabiashara mji mdogo, tupeane uzoefu

KATIBU STENDI YA ZAMANI
Wakuu habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili maana mwenzenu yamenifika shingoni.

Mimi ni katibu wa umoja wa wafanyabiashara wa katikati ya mji, mji wenyewe sitautaja ila uko barabara ya kwenda Tunduma na malori yanalala hapa. Nauza vifaa vya umeme. Ukatibu sikuuomba, nilichelewa kikao nikakuta nishachaguliwa.

Zamani stendi ilikuwa hapa hapa kati, fremu zilikuwa zinagombaniwa mpaka mtu anatoa kilemba, ile hela ya kushikia fremu, na mpangaji wa zamani hajatoa hata kabati. Stendi ikahamishiwa nje ya mji kama kilomita nne hivi, na mabasi hayakuondoka peke yake, yaliondoka na mama ntilie, wapiga debe, wauza maji, na yule abiria ambaye simu imezima anakimbia kununua chaja huku konda anapiga kelele. Huyo abiria ndo alikuwa ananilipia kodi ya fremu bila yeye kujua. Mwaka haujaisha fremu kumi na tano zimefungwa, usiku giza, vibaka wakajua.

Ndo tukaunda umoja. Watu 62 waliandika majina. Tukakubaliana elfu tano kwa mwezi, walinzi wawili wa usiku, kijana wa kufagia na kuzibua mtaro, na taa za sola nne. Mwezi wa kwanza walilipa hamsini na kitu, wa pili 31, wa tatu 19. Na hao 19 ndo wanaonipigia simu kuniuliza mbona mlinzi anasinzia.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba mlinzi hawezi kulinda duka la aliyelipa halafu akaliruka la asiyelipa. Taa nayo ikiwaka inamulika wote. Kuna mzee ana duka la vifaa vya ujenzi, kubwa kuliko yetu yote, hajawahi kutoa hata mia, na taa yetu ya kwanza iko mlangoni kwake kabisa. Nikimfuata anasema "mwanangu, leseni nalipa, TRA nalipa, ushuru wa huduma nalipa, hela ya taka nalipa, sasa wewe yako ni ya nini?" Na kusema ukweli huwa nakosa jibu.

Alafu Juni 2024 Kariakoo walipofunga maduka na mgomo ukasambaa mikoani, grupu letu la wasap liliwaka moto. Nusu wanataka tufunge kuwaunga mkono, nusu wanasema sisi mji wa barabarani, tukifunga siku mbili dereva anazoea kwingine harudi tena. Mwenyekiti akasema kila mtu aamue na nafsi yake. Waliofunga wakawaita wenzao wasaliti, watu tisa wakaleft siku hiyo hiyo na michango yao ikaondoka nao.

Sasa nyie mliwezaje?

MAMA VITENGE
Katibu pole sana baba. Nimekuwa mtunza hazina miaka minne, mji wetu uko pwani, soko na maduka yanayolizunguka.

Hiyo elfu tano kwa mwezi achana nayo. Muuza duka la rejareja mwisho wa mwezi hana elfu tano, elfu tano imeshakuwa sukari na ada, alichonacho ni mia mbili ya leo. Sisi tulikuwa na binti anapita kila siku saa kumi jioni na daftari na kikopo, unatoa sarafu ya mia mbili anakuwekea tiki mbele yako, basi. Ukitoa Jumapili ni elfu tano na mia mbili kwa mwezi, na mtu yule yule aliyekuwa anajificha stoo nikija kudai elfu tano akawa anamwita binti mwenyewe, "wewe mbona leo hujapita kwangu?"

Halafu tukaweka ubao. Tuliuweka kwa mama wa chapati ambapo wote tunakunywa chai asubuhi, imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, kwa kazi gani, imebaki ngapi. Chini yake majina ya waliolipa wiki hiyo. Wasiolipa hatukuwaandika hata siku moja, hapo tungegombana. Lakini unamwona mtu mzima na kanzu yake anajitafuta ubaoni hajioni, anajifanya anasoma bei ya chapati.

Niwaambie na aibu yangu msije mkaona mimi ndo fundi. Mwenyekiti wetu aliniomba laki tatu na arobaini ya umoja, wiki moja tu, mtoto anaripoti chuo. Ni mtu tunaheshimiana, nikampa bila kikao. Wiki ikawa miezi mitano. Na ule ubao niliouanzisha mwenyewe ndo ukawa unanisuta, kila Jumatatu naandika salio la uongo mkono unanitetemeka, mpaka siku yule binti wa daftari akajumlisha mwenyewe akaniangalia tu, hakusema kitu. Hela ilirudi yote lakini mimi hazina niliiacha, sikuweza kusimama pale tena. Sasa hivi wana akaunti ya saini tatu.

MSTAAFU WA MEZA
Mimi nimecheka kidogo nikasikitika kidogo. Mimi nilikuwa machinga na nyie wenye fremu ndo mlinifukuza 🤣

Mwaka 2021 tulipoambiwa nchi nzima tuhamie maeneo yaliyotengwa, mjini kwetu umoja wa wenye maduka walishangilia kama wameshinda kombe. Na sikatai walikuwa na haki yao, mimi meza yangu ilikuwa imeziba mlango wa mtu mpaka mteja anaingia kiubavu. Ila baada ya miezi kama mitatu jamaa aliyeshangilia kuliko wote akanifuata huko porini tulikopelekwa, ananiuliza mbona mjini hakuna watu. Nikamwambia bosi, watu walikuwa wanafuata nyanya na mitumba ya mezani, wakishafika ndo wanakumbuka betri za redio wanaingia kwako. We ulidhani wanakufuata wewe?

Saivi na mimi nina fremu, nalipa mchango, na kikao cha kwanza tu niliwaambia turudishe meza jioni kuanzia saa kumi na moja, kwa mstari, mlango wa mtu uonekane, na wenye meza nao watoe chao. Walibisha wiki tatu. Leo ndo saa yenye nyomi kuliko zote. Katibu malori si yanalala hapo? Dereva analala na njaa kwani? Tafuta wachoma mishikaki kabla hujatafuta mlinzi wa tatu.

WA SOKO JUMAMOSI
Wadau, huku Kenya upande wa magharibi, soko yetu ni ndogo, siku ya soko ni Jumamosi. Shida ni ile ile ya huyo mzee. Mtu analipa permit ya kaunti, analipa tiketi ya siku, halafu chama inamwitisha tena, anaona ni kama anatozwa mara tatu na choo bado imefungwa. Tuliletewa mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti, karibu na kampeni, tukapiga picha tukafurahi. Bili ya stima haikuwa na mwenyewe, ikazimwa. Ule mlingoti sasa ni wa kuning'iniza mabango ya waganga. Tukaamua chama itashughulika na mambo mawili pekee, choo na mlinzi, mengine yote tunaandika barua na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Hizo barua zimetusaidia kuliko makelele. Sina mengi.

FUNDI CHEREHANI ONTARIO
Salamu kutoka Kanada. Niko Ontario, mji wa watu kama elfu nane, nina kaduka ka kurekebisha nguo barabara kuu ya mjini, zipu na kupunguza suruali.

Nilipofungua nikaambiwa mimi ni mwanachama wa umoja wa wafanyabiashara wa mji kati. Nikasema sijajiunga popote mimi, nikidhani ni matapeli. Kumbe huku ndo utaratibu, wanachora mpaka kwenye ramani, kila biashara iliyo ndani ya mpaka ni mwanachama utake usitake. Mchango hapiti mtu na daftari, halmashauri ya mji inauchomeka kwenye kodi ya jengo la biashara, ikishakusanya inaukabidhi kwa umoja. Mimi mpangaji sioni bili yake ila mwenye jengo anaiongeza kwenye kodi yangu ya pango, kwa hiyo nalipa vizuri tu 😅

Huo mtindo ulianzia Toronto mwaka 1970, mtaa unaitwa Bloor West Village, na sababu yake Katibu utaipenda. Watu walikuwa wanapita na tramu wanaona vioo vya maduka wanashuka. Treni ya chini ya ardhi ikaja miaka ya 60, wakawa wanapita chini kwa chini hawaoni duka hata moja, na wenye magari nao wakavutwa na maduka makubwa ya kisasa yenye parking kubwa. Si ndo stendi yako hiyo hiyo? Wenye maduka walijaribu michango ya hiari wakakutana na akina mzee wako, ndo wakaenda kuomba sheria iwabane wote.

Na sio kwamba inapitishwa kibabe. Kabla ya kuanzisha, mji unatuma notisi, na ndani ya siku 60 wakipinga theluthi moja ya wahusika, na hao wanaopinga wawe wanabeba angalau theluthi ya kodi ya majengo ya biashara ya eneo hilo, jambo linakufa hapo. Bajeti ya kila mwaka nayo lazima madiwani waipitishe.

Ila msidhani huku ni peponi. Mkutano mkuu wa mwaka jana tulikuwa watu tisa na tumebishana dakika arobaini kuhusu rangi ya maua ya kuning'iniza kwenye nguzo. Theluji nani azoe mbele ya duka tupu, hilo lina mwaka wa tatu. Watu wakishajua hela inaingia yenyewe, hawaji.

MAMA VITENGE
Mwanangu wa Kanada hiyo nzuri ila mimi huku siitaki. Hela ikishaingia kwenye kapu la halmashauri, kuitoa utazunguka mpaka viatu viishe. Bora binti na kikopo, namuona.

FUNDI CHEREHANI ONTARIO
Mama nakuelewa kabisa. Huku sheria inawalazimu kuikabidhi, na bodi yetu mahesabu yake yanakaguliwa na mkaguzi wa mji. Bila hayo mawili hata mimi ningechukua kikopo.

KATIBU STENDI YA ZAMANI
Wakuu samahani nilipotea siku nne, nilikuwa najaribu mambo yenu.

Mishikaki imeanza, wachomaji watatu, chini ya taa ya pili. Madereva wameanza kushuka kutoka kwenye maegesho kuja mjini kwa miguu. Jana nimeuza chaja tatu usiku, sijauza usiku tangu stendi ihame.

Nikaenda kwa mzee wa vifaa vya ujenzi. Sikumwambia elfu tano, nikamwambia mia mbili kwa siku na jina litakuwa ubaoni. Akanyamaza, akauliza ubao utakaa wapi. Nikamwambia kwa mama wa supu. Akauliza nani mwingine ameandikwa. Nikamtajia. Akatoa elfu tano na mia mbili ya mwezi mzima kwa mkupuo, akasema huyo binti asije kunigongea kikopo mbele ya wateja. Mwezi ujao sijui itakuwaje, huyu mzee namjua.

Waliojitoa grupu, wawili wamerudi. Saba bado wamekausha.

Mama Vitenge, naomba unielekeze hilo daftari mlilipanga vipi, na binti mlimlipa ngapi.

MAMA VITENGE
Daftari kubwa la mistari, jina moja mstari mmoja, siku 31 kwa juu, tiki kwa peni ya bluu siyo penseli. Binti tulimpa asilimia kumi ya alichokusanya siku hiyo, jioni hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna duka alilokuwa analiruka. Na asiwe ndugu yako. Wala wa mwenyekiti.