Pini za briji zinapanda zenyewe kwenye gitaa kavu: nibadilishe zote au tatizo liko kwingine?

RizimuUyole

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Gitaa ni la kwaya, gitaa kavu la nyuzi za chuma, seti ya 12 hadi 53 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi), na pini zake sita za plastiki nyeupe, zinazozuia nyuzi kwenye briji (kile kipande cha mbao kilichogundishwa juu ya ubao wa mbele), ni zilezile zilizokuja nalo. Pini ya uzi wa pili imekatika kichwa, shina limebaki tunduni. Ya uzi wa sita inapanda kila nikiukaza uzi kufikia noti ya E. Naibonyeza inarudi, baada ya muda imepanda tena. Mwanjelwa nimeona pini za aina mbili, moja nene kidogo kuliko nyingine, na muuzaji anasema zote ni za kawaida. Mwenzangu wa besi anashauri nitie tone la supagluu.

Naombeni ushauri. Shina nilitoeje bila kuumiza ubao? Saizi nitaijuaje? Na kuna faida yoyote kununua za mfupa au za shaba?

FundiMbao_Mafinga

Supagluu hapana, mkuu. Uzi ukikatika utahitaji kuing'oa hiyo pini, na itatoka na kipande cha briji.

Kabla hujanunua kitu, elewa kwanza kazi ya pini. Pini haishiki uzi. Kinachoshika uzi ni kile kishanga cha shaba mwishoni mwake, na mahali pake ni chini ya kibao kigumu kilichogundishwa ndani ya gitaa, usawa wa briji. Kishanga kinakibana kibao kutoka chini, pini inakizuia tu kisirudi tunduni. Ndiyo maana pini nyepesi ya plastiki inatulia kwenye gitaa ambalo nyuzi zake kwa jumla zinavuta zaidi ya kilo 70. Pini inayopanda mara nyingi ina maana kishanga kimekaa kwenye ncha ya pini badala ya kukaa kwenye kibao. Hapo kila ukikaza, uzi unainyanyua pini kutoka chini. Ukiweka mpya bila kurekebisha hilo, mpya nayo itapanda.

Hakikisha kwa macho. Legeza nyuzi, ingiza kioo kidogo cha mkobani kupitia tundu la sauti, kielekeze juu chini ya briji na umulike kwa tochi ya simu. Kishanga kilichokaa vizuri kimelala ubavuni mwa pini, kimegusa mbao kabisa, na ncha ya pini imekipita kwenda chini. Kilichokaa vibaya kinaning'inia nchani, na utaona nafasi kati yake na mbao. Uzi wako wa sita naamini ndivyo ulivyo, ila angalia.

Shina lililokatika lisukume kutoka ndani. Legeza nyuzi zote mpaka mkono upite, shika sarafu ya shilingi mia mbili, egemeza ubapa wake kwenye ncha ya shina na usukume kwenda juu moja kwa moja, siyo kimshazari. Likigoma, kwanza sukuma uzi wa pili uingie ndani ya tundu kama sentimita moja, maana kishanga kikiwa kimebana ubavuni, shina halitoki hata kwa nguvu. Usilichokonoe kwa bisibisi kutoka juu. Ukingo wa tundu ukishamomonyoka, hakuna pini itakayokaa wima hapo.

SoloKihesa

Kamwene wote. Naongezea kwenye kutoa zile pini nzima, kwa sababu vidonda vingi vya briji vinaanzia kwenye plaizi. Utaratibu ni uleule: legeza, sukuma uzi ndani kwanza, ndipo uvute pini. Kile kizungushio cha plastiki cha kufungulia nyuzi kina pengo dogo la kunasa kichwa cha pini, kinyanyue wima. Kama huna budi kutumia plaizi, funga kichwa kwa kitambaa, bana taratibu, vuta juu bila kupinda, na weka kadi ngumu juu ya briji ili plaizi isiegemee mbao.

Sasa saizi. Muuzaji akisema "ya kawaida" hajakujibu, kwa sababu pini zinatofautiana vitu viwili: unene chini ya kichwa, na kasi ya kuchongoka kuelekea ncha. Mchongoko unaokutana nao zaidi ni wa digrii 5 na wa digrii 3. Azima kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwa fundi yeyote wa vyuma pale SIDO. Pima unene chini kabisa ya shingo, kisha pima tena milimita 20 kutoka hapo kwenda nchani. Tofauti ikikaribia milimita 1.75, pini ni ya digrii 5. Ikikaribia milimita 1, ni ya digrii 3. Unene wa juu kwa pini nyingi uko kati ya milimita 5 na 5.6. Nenda dukani na pini yako nzima mfukoni, ulinganishe hapohapo.

Ukikosa kalipa, tundu lenyewe litakuambia. Ondoa uzi, ingiza pini mpya kwa vidole, kisha jaribu kuitikisa. Pini ya digrii 5 ikiingia kwenye tundu la digrii 3 inabana juu shingoni na ncha inacheza ndani. Ya digrii 3 kwenye tundu la digrii 5 inabana chini, na kichwa ndicho kinachocheza. Zote mbili ni mbaya, lakini ya kwanza inadanganya zaidi: kwa juu unaona imekaza sawasawa, kumbe huko chini hakuna kinachokizuia kishanga.

RizimuUyole

Asanteni sana. Shina limetoka kwa sarafu, briji haina hata mkwaruzo. Kalipa imesoma 5.3 juu na 4.2 nchani, kwa hiyo ni digrii 3. Kwenye kioo, vishanga vitano vimekaa sawa. Cha uzi wa sita hakiko nchani mwa pini, kimezama ndani ya mbao. Tundu kwa upande wa ndani limepanuka, limekuwa refu kuelekea kwenye sado (kile kijiti cha juu ya briji kinachobeba nyuzi). Na ule mwanzo wa uzi wenye msokoto mnene umepanda juu ya sado kabisa.

FundiMbao_Mafinga

Basi mchawi ni kibao, siyo pini. Kishanga kimekila kibao taratibu, na sasa kinapanda ndani ya tundu na kuikaba pini. Huo msokoto juu ya sado ni dalili ya wazi: uzi umevutwa juu kuliko mahali pake. Sauti ya uzi huo bila shaka imefifia pia, kwa kuwa msokoto hauilalii sado vizuri.

Kwa Jumapili hii, fanya hivi. Chukua kishanga kutoka kwenye uzi wa zamani, ukikate bila kukiponda. Pitisha uzi mpya kwenye tundu lake mpaka kikutane na kishanga cha uzi huo. Sasa una kitako kirefu ambacho hakiwezi kuzama kwenye shimo lililoliwa. Hakikisha kwa kioo kwamba kimelala kwenye mbao nzima, siyo kwenye ukingo wa kidonda.

Matengenezo ya kudumu ni kuziba. Kwa kidonda kidogo cha tundu moja, chukua unga laini wa mbao ngumu, mninga unafaa, siyo unga wa msonobari uliojaa huku Mafinga. Ushindilie kwenye sehemu iliyoliwa kwa ndani, kisha dondoshea supagluu nyepesi, tone mojamoja, madirisha yakiwa wazi. Hapa ndipo supagluu ina kazi yake. Rudia tabaka kwa tabaka mpaka pawe usawa wa kibao. Acha usiku mzima. Kisha mtu akushikie kipande cha ubao kwa ndani, kikandamize kibao wakati unatoboa kutoka juu kwa biti ya milimita 3. Bila huo ubao wa kuegemea, biti inapotokea chini inabandua vipande na unarudi ulikotoka. Baada ya hapo unalipanua tundu kidogo kidogo mpaka pini iingie.

Matundu yote sita yakiwa yameliwa, hiyo ni kazi ya kubandika kibao kipya chembamba cha mbao ngumu juu ya cha zamani kwa ndani, na hapo nashauri umpe fundi anayejua magitaa.

BesiTukuyu

Ugonile kaka. Kabla hujarudisha nyuzi, pima na briji yenyewe. Chukua karatasi ya A4 ya kawaida, unene wake ni milimita 0.1, jaribu kuipenyeza nyuma ya briji, upande wa mkia wa gitaa. Ikiingia zaidi ya milimita moja au mbili, gundi imeanza kuachia. Hapo usikaze nyuzi kabisa mpaka igundishwe upya. Gitaa za huku zinaonewa sana mwezi wa sita na wa saba: baridi kali, hewa kavu, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na gitaa limeegemezwa ukutani karibu yake. Joto linalegeza gundi na ukavu unaisinyaza mbao. Mbao za gitaa zinapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55.

Swali langu: fundi mmoja wa vinyago ananiambia anaweza kunichongea pini za mpingo. Zinafaa?

SoloKihesa

Zinafaa mno. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi kwamba kipande kikavu kinazama majini. Vipande viwe vya mpingo mkavu wa miaka, mistari ya mbao ikienda kwa urefu wa pini, la sivyo kichwa kinakatika kwa kubonyezwa tu. Avae barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua. Tahadhari moja kwa mtu wa Tukuyu: pini za mbao zinavimba masika, kwa hiyo zisikazwe sana. Pini iingie kwa dole gumba na itoke bila vita. Usipake mafuta wala sabuni.

Kuhusu mfupa na shaba, maoni yangu: plastiki laini inaliwa na uzi na kukatika shingo, kwa hiyo kuhamia mfupa au mpingo kuna faida ya kudumu. Sauti inabadilika kidogo sana. Pini za shaba ni nzito mara kadhaa kuliko za plastiki, na uzito wote huo unakaa mahali ambapo ubao wa mbele unatakiwa utikisike kwa urahisi. Gitaa la kwaya lisilo na spika linahitaji kila chembe ya sauti yake. Hela ya shaba nunulia sado ya mfupa, hapo utasikia tofauti.

SautiYaTatu

Sikubaliani kabisa na hilo la shaba. Kwenye gitaa lenye sauti ya juu nyembamba, pini za shaba kwenye nyuzi nyembamba tatu tu zinaongeza mng'ao na noti inadumu. Ila ni kweli, ziwe za mchongoko sahihi. Shaba haisamehi, ikikaa vibaya inatanua tundu la mbao.

RizimuUyole

Nimeelewa, nanunua za mfupa za digrii 3. Zikibana juu nipanue na nini? Kuna rima ya mkono inauzwa kwenye vifaa vya ujenzi.

FundiMbao_Mafinga

Hiyo rima iache. Inachongoka kwa kasi yake ambayo mara nyingi siyo 3 wala 5, utaharibu matundu yote kwa dakika chache. Ikiwa huna rima ya pini, zungushia pini ya zamani nzima msasa namba 220, tabaka moja tu, iingize na uizungushe kwa vidole mizunguko miwili mitatu, toa vumbi, jaribu pini mpya. Au punguza pini yenyewe kwa msasa badala ya tundu, kwa maana pini ina mbadala. Lengo ni pini isimame shingo ikiwa imeacha kama milimita moja juu ya briji, bila kucheza. Tundu likishapanuka sana, dawa ni pini nene zaidi.

Wakati wa kufunga: kunja mwisho wa uzi karibu na kishanga, kama nusu sentimita, uelekee upande wa sado. Ingiza kishanga, weka pini, mfereji wake (ule mchirizi wa ubavuni wa kupitisha uzi) ukitazama tundu la sauti, ibonyeze kidogo tu. Sasa vuta uzi kwenda juu kwa mkono huku dole gumba likiwa juu ya pini, mpaka usikie kishanga kimegota kwenye kibao. Ndipo ubonyeze pini. Usigonge kwa nyundo. Kaza ukiwa umeweka uso pembeni. Pini ikiruka na uzi umekazwa inafika machoni.

RizimuUyole

Zimeingia tano, zimetulia, na kioo kinaonyesha vishanga viko kwenye mstari. Ya uzi wa sita mfereji wake ni mwembamba, uzi hauzami wote na pini inabaki juu.

SoloKihesa

Uzi wa 53 una unene wa milimita 1.35, na mifereji mingi imechongwa kwa nyuzi nyembamba. Kunja msasa namba 400 kwenye ukingo wa kadi ya simu, pitisha ndani ya mfereji kutoka shingoni hadi nchani mpaka ufikie milimita 1.5 hivi. Usiuchimbe kina zaidi pale shingoni, ndipo mfupa unapopasukia. Lainisha na ukingo wa briji mbele ya tundu hilo, upande unaotazama sado tu, ili uzi usipinde kwa kona kali.