Fildi ya sheria Kigoma au Tabora: barua pepe 14, jibu hakuna

Mwanga_Kusini:
Salaam wakuu. Nipo mwaka wa 3 shahada ya sheria, nyumbani ni Kigoma mjini. Chuo kinataka fildi (mafunzo ya vitendo kazini) ya wiki 8, Jumatatu tarehe 13 Julai hadi Ijumaa tarehe 4 Septemba 2026. Tangu Machi nimetuma barua pepe 14 kwa mawakili wa Kigoma na Tabora, nikiambatanisha CV ya kurasa 4 na barua ya chuo. Hakuna aliyejibu. Nakosea wapi? Kuomba chemba (ofisi ya mawakili) binafsi na kuomba serikalini kunatofautianaje? Na baada ya Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School), mtu anaombaje nafasi ya kujifunza kazi kwa wakili?

Isevya_Tbr:
Mdogo wangu, anza na hili: chemba nyingi za huku ni wakili mmoja au wawili, karani, na pengine katibu muhtasi. Hakuna mtu aliyeajiriwa kusoma maombi. Anwani uliyoandikia ndiyo hiyo hiyo inayopokea hati za kesi na maswali ya wateja, kwa hiyo barua yako inazama siku hiyo hiyo. Chapisha, peleka kwa mkono.

Muda wa kwenda una maana kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi mawakili wako mahakamani, majalada yanaitwa kuanzia saa 3, na kesi ya kutajwa tu inaweza kumweka mtu pale hadi adhuhuri. Nenda kati ya saa 8 mchana na saa 10 alasiri. Mkute karani, msalimie vizuri, mweleze shida yako kwa sentensi mbili, muulize wakili ana nafasi siku gani. Karani ndiye mwenye shajara ya ofisi. Ukimpita kama humuoni, bahasha yako itakaa chini ya majalada.

Kabla ya kupeleka, tafuta jina la wakili kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama, uone kama leseni yake iko hai. Leseni za uwakili huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Atakayesaini logibuku yako, yaani daftari la kazi za fildi, awe mtu ambaye chuo hakitamhoji.

Barua iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: unaomba nini, tarehe ngapi hadi ngapi, wiki ngapi. Ulivyoziandika hapa juu ndivyo ziandikwe. "Wakati wa likizo" haimsaidii mtu anayepanga kesi zake. Aya ya pili: utamfanyia nini. Usiandike kwamba una ari na unajituma, kila mtu anaandika hivyo. Andika kwamba unaweza kutafuta hukumu TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania) na kuzifupisha, unachapa haraka, unaweza kupanga jalada kwa tarehe na kutengeneza orodha ya vielelezo. Na kama unazungumza Kiha, kiweke juu kabisa, usikifiche mwisho wa CV chini ya michezo unayopenda. Mteja mzee wa Kasulu au Buhigwe anayesimulia mgogoro wa shamba hueleza mipaka kwa lugha yake, na anayemwelewa moja kwa moja anaokoa saa nzima. Tabora ni hivyo hivyo kwa Kinyamwezi.

CV ya kurasa 4 kwa mwanafunzi ni ndefu mno. Mbili zinatosha. Ondoa shule ya msingi, ondoa semina. Ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, matokeo hadi muhula uliopita, na sampuli ya uandishi ya kurasa 2: chukua hukumu moja ya ardhi ya Mahakama Kuu, eleza hoja iliyobishaniwa, mahakama ilisema nini, kwa nini. Hakikisha hukumu hiyo haijatenguliwa na Mahakama ya Rufani na kwamba unanukuu toleo la sheria linalotumika sasa. Namba za vifungu hubadilika sheria zinapochapishwa upya, na wakili huona kosa hilo kwa jicho moja.

Jambo moja linalowaangusha hata walio wazuri: usitumie kama sampuli hati uliyoandaa mahali pengine ikiwa na majina ya wateja. Aliyetoa siri ya ofisi ya jana atatoa na ya kesho. Hapo hakuna usaili tena.

Masijala_Kgm:
Naongezea upande wa serikali. Mwandikie mkuu wa taasisi, usimwandikie mwanasheria aliyemo ndani. Halmashauri ni Mkurugenzi, mkoa ni Katibu Tawala wa Mkoa, mahakama ni Mtendaji wa Mahakama. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka nayo ina ofisi mkoani. Mwandikie kiongozi wa ofisi hiyo. Barua huingia masijala, hufunguliwa jalada, hupanda kwa mkuu, hushuka kitengo cha sheria, ndipo jibu liandikwe. Hesabu wiki 3 hadi 6, zaidi kama mkuu yuko safari. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, urudi nayo. Ukija kufuatilia bila nakala hiyo tunaanza kutafuta upya.

Likizo ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni tarehe 15 Desemba hadi 31 Januari, halafu mwanzoni mwa Februari kuna shughuli za Siku ya Sheria. Kwa fildi ya Julai, wakati mzuri ni katikati ya Februari hadi Aprili. Wewe ulianza Machi, hujachelewa sana, lakini wiki hii isipite.

Mwanga_Kusini:
Ahsanteni sana. Barua niandike Kiswahili au Kiingereza? Na nikiitwa, nitaulizwa nini?

Wakili_Kanyenye:
Mdogo wangu, serikalini andika Kiswahili. Kwa chemba, tazama hati zao zinatoka kwa lugha gani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi utakazosoma bado ziko kwa Kiingereza. Ofisi inamhitaji mtu wa lugha zote mbili: asome hukumu ya Kiingereza, amweleze mteja kwa Kiswahili bila kupotosha neno.

Swali linalopenda kurudi kwenye usaili ni la ukomo wa muda, kwa sababu ndipo kesi zinapofia. Mfano: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya limetoa uamuzi Jumatatu tarehe 2 Machi 2026 katika shauri lililoanzia hapo hapo, mteja anataka rufaa Mahakama Kuu. Ni siku 45. Siku ya uamuzi haihesabiwi, unaanza tarehe 3. Machi inakupa siku 29, zinabaki 16, mwisho ni Alhamisi tarehe 16 Aprili. Sikukuu za Pasaka zilizoangukia katikati zinahesabiwa kama kawaida. Kosa la wengi ni kuziruka, wakapata tarehe ya mbele, na rufaa ikatupwa. Jifunze pia hizi: kuachishwa kazi isivyo halali, siku 30 kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1; rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, siku 30; taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, siku 30, na ndani ya muda huo huo uombe kwa maandishi nakala ya mwenendo wa kesi, na nakala ya barua hiyo umpe mjibu rufaa. Barua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na usipompa mjibu rufaa nakala huwezi kuomba siku za kusubiri mwenendo ziondolewe kwenye hesabu ya muda wa rufaa.

Utaulizwa pia kama una ndugu mwenye kesi. Mji ni mdogo. Sema ukweli mapema: shangazi yako akishindana na mteja wa ofisi, hutagusa jalada lile, basi. Ukificha, madhara yanampata mteja.

Kuhusu baada ya Shule ya Sheria: hapo huombi fildi tena, unaomba kazi ya ofisa sheria wakati ombi lako la kukubaliwa kuwa wakili linashughulikiwa hadi uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Sema wazi kwenye barua hatua uliyofikia: umemaliza masomo, matokeo yametoka, ombi limewasilishwa au bado. Usijiite wakili. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inazuia asiye wakili kufanya kazi ya wakili. Utafanya utafiti, utaandaa rasimu, utafungua mashauri kwa mtandao kwa maelekezo, lakini kusimama kumtetea mteja na kushuhudia viapo si kazi yako bado. Ukiombwa kugonga mhuri wa wakili wakati hayupo, kataa, hata kama ni kiapo cha kupotelewa kitambulisho.

Kwa nafasi hizo, uliza kwa maandishi mambo manne: muda wa mkataba, malipo au nauli, nani anakusimamia, na kama utaruhusiwa kwenda kwenye mitihani ya marudio ukiwa nayo. Kwa fildi, chemba nyingi hazilipi. Na asikudanganye mtu anayetaka umlipe ili akutafutie nafasi.

Isevya_Tbr:
Nimesahau: chagua chemba 5, kila barua na jina sahihi la wakili wake. Baada ya siku 10 za kazi rudi mara moja, mchana, na nakala nyingine mkononi. Ukikosa kote, nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Kigoma wapo wanaoshughulika na ardhi, mirathi na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, na huko Kiha, kama unakizungumza, kwa jinsi kinavyokaribiana na Kirundi, kitafanya kazi kuanzia siku ya kwanza.