Zawadi za Noeli na Bonane (Mwaka Mpya) kwa chupa tupu: nikate au nisikate?

MamaKatuba
Jambo yenu wote. Mwaka huu franka hazifiki za kununulia kila mtu kitu dukani, na ninyi mnajua, siku ya Bonane huwezi kuingia kwa mama mkwe mikono mitupu. Nyuma ya jiko nina lundo la chupa: za divai zilizobaki kwenye harusi, za wiski, za bia ya Simba kadhaa, na bokali, yaani mitungi ya kioo, za konfitiri (jemu) na mayoneze. Nimeona video mtu anafunga uzi wenye spiriti kwenye chupa, anauwasha, anatumbukiza chupa kwenye maji baridi, inakatika kama muhogo. Nataka bilauri za mawifi na vinara vya mishumaa vya majirani. Shida nyingine: rangi ya maji ya watoto inabanduka ukiigusa kwa kucha. Vifaa viwe vya kupatikana soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Na tafadhali, asiniambie mtu "nunua tu biskuti".

Fundi_Kamalondo
Mama, anza kwa kutoa hizo Simba. Ni vidanji, chupa za kurudishwa: zirudishe depo ya bia, pesa yake inunue gundi. Za divai na wiski hakuna anayezidai.

Uzi na spiriti achana nao. Kioo hupasuka kwa sababu upande mmoja umetanuka kwa joto na mwingine umenywea kwa baridi, na kama hakuna mkwaruzo wa kuuongoza, ufa unajiendea unakotaka. Azima kwa mafundi wa madirisha kile kisu chenye gurudumu dogo. Chora duara moja kuizunguka chupa, mara moja tu, usipite tena juu yake. Mwagia maji ya moto kwenye duara ukizungusha chupa, kisha ya baridi, kisha ya moto tena, mpaka usikie "tik". Ukingo unasuguliwa kwa msasa mweusi wa maji: namba 80, 120, 220, umalizie na 400. Msasa uwe umelowa muda wote, vumbi la kioo halifai kuingia kifuani. Miwani na glavu si mapambo.

YayaRuashi
Fundi amesema kweli, ila mimi bilauri hiyo simpi mtu wa kwangu. Mdomo unawekwa pale pale ulipokata! Na ndani ya nyumba kuna watoto. Mama, acha chupa zikiwa nzima, uzivike kitenge.

Loweka chupa kwenye maji ya moto na sabuni, lebo itoke. Gundi inayong'ang'ania ipake mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na soda ya kuokea, iache kidogo, sugua. Osha, kausha, halafu pangusa kwa spiriti na usishike tena kwa vidole. Rangi yako inabanduka kwa sababu ya mafuta ya mikono, na pia kwa sababu rangi ya watoto haikutengenezwa kwa kioo. Ukitaka kupaka, chukua ile ya milango ya chuma, upake nyembamba mara mbili, ukiacha ya kwanza ikauke kabisa. Mvua hizi za Desemba zinachelewesha, basi usisubiri tarehe 23.

Kitenge: mpitie fundi cherehani umwombe vipande, wengi wanavitupa. Gundi nyeupe ya mbao izimue na maji. Paka kwenye chupa, laza kitambaa, kisukume kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kwenye bega la chupa kitajikunja tu, hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Kipige vikato vidogo kwa mkasi kuelekea shingoni, kila ulimi ulale juu ya mwenzake. Ukimaliza, pitisha gundi tena juu. Inakauka bila kuacha weupe. Chupa ya hivyo ni ya maua, nje usiioshe kwa maji mengi.

Mtoto_wa_Kadutu
Huku Bukavu tunajaza bokali pilipili mbichi na vitunguu saumu ndani ya mafuta. Zawadi imeisha hiyo!

Muuguzi_K
Ndugu yangu wa Kadutu, hiyo iliwe katika siku chache tu, tena ikiwa kwenye friji. Saumu au pilipili mbichi iliyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini ni mahali ambapo bakteria wa botulizimu hustawi, kwa sababu hakuna hewa wala uchachu. Sumu yake haibadilishi harufu. Kwa zawadi weka pilipili kavu ya unga, au asali ya msituni. Bokali ichemshwe dakika 10 na ikauke kabisa kabla ya kujazwa. Chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya kuua wadudu wa mimea au petroli, hata uioshe vipi, si ya chakula.

MamaKatuba
Asanteni sana. Yaya, umenishinda: bilauri nimeziacha. Mama mkwe atapata asali, mawifi chupa za kitenge. Na shaba je? Nilitaka kuzungushia shingo waya.

Fundi_Kamalondo
Nenda kwa wanaokunja nyaya za mota, wana mabaki ya waya mwembamba. Wale wanaouza nyaya za umeme za mtaa jioni, wapite tu. Ukipata kipande cha bati la shaba, kata msalaba mdogo wa mikono minne iliyosawa, ule ambao Katanga ulikuwa pesa kabla ya wazungu, uuning'inize shingoni. Mama mkwe ataujua bila kuelezwa.

Vinara pia usikate. Mshumaa mrefu simamisha kwenye mdomo wa chupa nzima ya divai, mchanga tumboni ili isianguke. Ila usiuache uungue mpaka ufike kwenye kioo.

MamaKatuba
Swali la mwisho: vifuniko vya bokali vina kutu na maandishi ya kiwanda.

YayaRuashi
Chenye kutu ndani tupa, tafuta kingine cha saizi hiyo. Maandishi yafunike kwa duara la kitenge, ufunge na ule waya wa Fundi. Rangi ipake nje tu, isiguse asali.